Serikali imetupandishia gharama kwenye tathmini, tumekosa kandarasi ya afya. Tunaweza kupinga?

Mzabuni_Maryland
Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoyajua manunuzi ya serikali ya shirikisho hapa Marekani. Kampuni yetu iliomba kandarasi ya kituo cha simu na mapitio ya madai ya matibabu kwa idara moja ya afya. Ni mkataba wa kurudishiwa gharama pamoja na ada isiyobadilika, miaka mitano ukijumlisha nyongeza zote. Tuliweka dola milioni 38.2. Barua ya leo asubuhi inasema gharama yetu "inayotarajiwa" ni milioni 42.3, na mshindi yuko milioni 41.6. Alama za kiufundi tumelingana. Yaani wametuongezea milioni 4.1 wao wenyewe, halafu wanatuambia sisi ndio ghali! Hili linaruhusiwa kweli?

Kikokotoo
Linaruhusiwa, tena ni lazima. Kwenye mkataba wa kurudishiwa gharama serikali italipa kile mtakachotumia kihalali, kwa hiyo namba mliyoandika haiwafungi ninyi kwa lolote. Kanuni za FAR, yaani kanuni za manunuzi ya serikali ya shirikisho, zinamtaka ofisa wa mikataba apime uhalisia wa gharama za kila mzabuni, arekebishe panapostahili, kisha alinganishe kwa namba iliyorekebishwa. Aliyezoea zabuni za Kenya hushtuka, maana kule kifungu cha 82 cha Sheria ya Manunuzi ya 2015 kinasema bei iliyosomwa siku ya kufungua zabuni ndiyo ya mwisho, haiguswi.

Ingekuwa mkataba wa bei isiyobadilika, mngekuwa na hoja ya haraka: huko wanaweza kupima uhalisia ili kuona hatari ya utekelezaji kama waliitangaza hivyo, lakini bei yenyewe hawaruhusiwi kuirekebisha.

Kwa hiyo msipinge kwamba wamerekebisha. Pingeni namna walivyorekebisha. Ombeni mchanganuo: saa za kazi zimeongezwa ngapi, mishahara imepandishwa kwa kigezo gani, na asilimia za gharama zisizo za moja kwa moja zimepigwa juu ya msingi upi. Hapo pa mwisho ndipo hesabu huharibika kimyakimya. Mfano: dola 1,000,000 za mishahara, marupurupu 30%, uendeshaji 20%, utawala 10%, kila moja juu ya jumla iliyotangulia, inafika 1,716,000. Mtathmini akikosea dola moja ya mshahara, kwenye jumla kosa limeshakuwa dola 1.72. Na akitumia asilimia zake badala ya zile mlizowasilisha na kukaguliwa, anatakiwa aeleze kwa nini.

Sitisho
Kabla ya hesabu, saa inakwenda. Ombeni kwa maandishi kikao cha maelezo, ambapo idara inawaeleza kwa nini mmekosa, ndani ya siku 3 tangu mpate barua. Mkichelewa, kikao si haki yenu tena na siku zenu za kupinga zinahesabiwa vingine.

Malalamiko yanapelekwa GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani inayosikiliza mapingamizi ya zabuni, ndani ya siku 10 baada ya kikao. Lakini mkitaka kazi ya mshindi isimamishwe mkisubiri uamuzi, kipimo ni kingine: idara iwe imearifiwa na GAO ndani ya siku 10 tangu mshindi apewe kandarasi, au siku 5 tangu tarehe ya kikao *waliyowapa kwanza*, ipi iwe ya baadaye. Wakiwapa Jumanne ninyi mkaomba Ijumaa, siku 5 zinaanza Jumanne. Na GAO ina siku moja ya kuiarifu idara, kwa hiyo anayewasilisha siku ya mwisho jioni anaweza kuwa ndani ya muda wa kupinga na bado akakosa sitisho. Wasilisheni siku moja au mbili kabla. Kinachoingia baada ya saa 11:30 jioni saa za Mashariki huhesabiwa cha kesho yake.

Kama ni oda ya kazi, yaani agizo linalotolewa chini ya mkataba mama ambao idara ya kiraia (isiyo ya kijeshi) ilishausaini na wazabuni, GAO huipokea ikiwa inazidi dola milioni 10. Ninyi mmevuka.

Mzabuni_Maryland
Ahsanteni sana. Kikao kimefanyika leo. Wamesema milioni 2.5 ni saa za wapokea simu, wamezipandisha zifikie makisio yao. Milioni 1.6 ni wauguzi 14 wa kupitia madai: tuliweka dola 38 kwa saa, wao wakaweka 45, "wastani wa eneo".

Kikokotoo
Wauguzi 14 × saa 1,880 × miaka 5 × dola 7 ni 921,200. Ukizidisha kwa 1.716 unapata kama milioni 1.58. Asilimia zenu zikikaribia zile za mfano wangu, hesabu yao iko sawa, kinachobaki ni kigezo. Swali la kuamua shauri: kwenye zabuni mliambatisha nini kuthibitisha dola 38? Kama kuna orodha ya mishahara ya wauguzi mlionao tayari, au barua zao za kukubali kazi kwa kiwango hicho, na mtathmini hakuzigusa hata kwa sentensi moja, hiyo ni hoja nzito. Kama mliandika 38 bila kielelezo, wastani wa eneo utasimama.

Toeni 1.6 kwenye 42.3, mnabaki na 40.7, chini ya mshindi. Hilo ni muhimu kwa sababu GAO hairidhiki na kosa peke yake, inataka ione kwamba bila kosa hilo mlikuwa na nafasi ya kweli ya kushinda.

Hoja ya saa za wapokea simu ni ya pili. Kuchukua makisio ya serikali na kuyabandika kwa kila mzabuni bila kutazama mbinu yake ni kosa linalojulikana. Ila kama mfumo wenu wa kujibu simu mliueleza kwa sentensi mbili bila kusema unapunguza simu ngapi, mzigo ni wenu. Angalieni pia kama mishahara ya wapokea simu haiko chini ya viwango vya Wizara ya Kazi.

Pwani_Texas
Naongeza, kwa sababu ni afya: mara nyingi fedha kubwa iko kwenye matibabu, si kwenye uendeshaji. Mwaka 2009 TRICARE, bima ya wanajeshi, iliipa kampuni ya UnitedHealth kandarasi ya kanda ya Kusini. Kampuni mpinzani, Humana, ikapinga, na GAO ikaikubalia, kwa kuwa punguzo ambalo Humana ilipata kwa madaktari na hospitali za mtandao wake halikupimwa ipasavyo kama akiba. Baadaye kanda ikarudi kwa Humana. Kama mapitio yenu ya madai yanaokoa fedha na tangazo la zabuni lilisema litahesabiwa, litajeni. Kama tangazo halikusema, mmechelewa, kasoro za tangazo hupingwa kabla ya siku ya kuwasilisha zabuni.

Mzabuni_Maryland
Orodha ya mishahara tuliiambatisha. Tutaona gharama za mshindi?

Sitisho
Ninyi hapana. Chini ya amri ya ulinzi, ambayo GAO huitoa kulinda siri za wazabuni, wakili wa nje na mtaalamu wake wa gharama waliokubaliwa na GAO ndio wataziona, na hawaruhusiwi kuwaambia. Idara inatoa ripoti ndani ya siku 30, wakili anajibu ndani ya 10, uamuzi ndani ya 100. Mwaka wa fedha 2024 waliokubaliwa kwa uamuzi walikuwa 16%, lakini waliopata nafuu ya aina fulani, pamoja na idara kujirekebisha yenyewe, ni 52%. Mpeni wakili ile orodha ya mishahara kesho asubuhi, na namba ya ukurasa ilipo kwenye zabuni.