Mrejesho: Arusha–Namanga–Nairobi kwa gari binafsi, na wanyama siku hiyohiyo

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kama inawezekana kutoka Arusha alfajiri, kuvuka mpaka wa Namanga na kuwaonyesha watoto wanyama Nairobi siku hiyohiyo. Inawezekana, ila ondokeni saa 11.

Arusha–Namanga ni kama kilomita 110. Pale ni kituo kimoja cha pamoja: unapita upande wa Tanzania bila kusimama, unagongewa mihuri ya kutoka na kuingia ndani ya jengo la Kenya.

Panapokwamisha ni gari. Kuna kadi mbili za njano, msizichanganye: ya chanjo ya homa ya manjano, na ya COMESA, ambayo ni bima ya gari. Hiyo ya pili ikate kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari. Beba kadi halisi ya gari. Kama si lako, barua ya mwenyewe. Kibali cha muda cha gari unachopewa mpakani kirudishwe siku ya kutoka Kenya. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria.

Mbele, foleni ya malori huanza Kitengela hadi Athi River. Kituo cha wanyama yatima kipo lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Langata Road. Hawapokei pesa taslimu. Lipia mapema kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Safari Walk jirani, njia ya kutembea kwa miguu ukitazama wanyama, ina tiketi yake.