Naomba ushauri: nakusanya jeshi la Tibet la vita vya mezani, nimekwama

Mpemba wa Leeds
Wakuu, habari za jioni. Niko Uingereza, na huku nimeingia kwenye mchezo wa vita vya mezani. Unapanga visanamu vya askari vya milimita 15, mnarusha dadu, kila mtu na jeshi lake. Tunatumia sheria za DBA, zile za vita vya kale, kila jeshi vikosi 12 tu. Nimechagua Tibet. Shida ni utafiti: nguo rangi gani, bendera je? Kila ninachofungua kinasema lake. Mashindano ni mwezi ujao, usingizi sina.

Kobe Mwendokasi
Watu wanatafuta unga, wewe unatafuta Watibeti wa milimita 15. Haya.

Fundi Rangi
Mkuu, Tibet ya mwaka gani?

Mpemba wa Leeds
Ya kawaida tu. Ya zamani.

Fundi Rangi
Hakuna ya kawaida. Jeshi lililoingia Chang'an, mji mkuu wa China, mwaka 763 na kumkimbiza mfalme wa ukoo wa Tang lilikuwa limejaa chuma. Wachina wenyewe waliandika kwamba mtu na farasi wote walivaa deraya, macho tu ndiyo yako nje. Wakifika vitani wanashuka, wanajipanga mistari, na wa nyuma hawasogei mpaka wa mbele wafe wote. Kwako hiyo ni nafuu: kama uso hauonekani, chukua wapanda farasi wazito wowote wa Asia ya Kati, nani atakubishia?

Deraya yao ni vibamba vidogo vya chuma vilivyoungwa kwa kamba za ngozi. Paka kahawia iliyokoza, iache ikauke kabisa. Kisha chovya brashi kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye karatasi mpaka ibaki karibu kavu, pitisha juujuu. Kila kibamba kitajitokeza chenyewe.

Sasa sema: mpinzani ana jeshi gani, na umeshanunua nini?

Mama Wawili
Mume wangu alianza hivihivi na njiwa. Leo sina pa kuanika nguo. Mkeo anajua?

Mpemba wa Leeds
Mpinzani ana Tang. Mimi nimeshalipia askari wa miguu. Wenye bunduki.

Fundi Rangi
Bunduki?!

Mpemba wa Leeds
Zile za utambi, zenye pembe mbili za kuegemeza chini. Duka lilikuwa na punguzo, na walibaki wa mwaka 1904 tu, wale waliopigana na Waingereza wa Younghusband walipovamia Tibet. Ila wakuu tuseme ukweli, ukiwa umesimama upande wa pili wa meza, bunduki na mkuki vina tofauti gani? Zile pembe zinakatika.

Fundi Rangi
Tofauti ni miaka 1,141, mkuu. Mwaka 763 hakuna jeshi lililokuwa na baruti.

Mjukuu wa Mahenge
Hapo 1904 mmenigusa. Tarehe 31 Machi, pale Guru, hukohuko Tibet, Watibeti walikuwa na hirizi za kuzuia risasi kutoka kwa malama, watawa wao wa Kibudha, Mwingereza ana Maxim, bunduki ya rashasha. Agosti 1905 kwetu Mahenge watu wakaja na maji ya Kinjeketile, Mjerumani anawangoja bomani na bunduki za namna hiyohiyo. Bibi yangu alikuwa hataki hata tulitaje lile boma. Nyie mnarusha dadu.

Mzee wa Mtaa
Mbona nasikia harufu ya chai? ID hii juzijuzi ilikuwa inaomba ushauri wa kufuga kambale Kibaha. Leo yuko Leeds na Watibeti. Weka picha.

Kobe Mwendokasi
Chai kabisa, tena ya siagi na chumvi kama wanavyokunywa hukohuko Tibet.

Mpemba wa Leeds
Kambale ni wa shemeji yangu, nilimwandikia tu. Picha siwezi, mzigo haujafika.

Fundi Rangi
Kama haujafika, waandikie leo wakubadilishie. Mbona rahisi?

Mpemba wa Leeds
Hawatakubali. Wanne nimeshawakata pembe.

Mzee wa Mtaa
Mzigo haujafika, pembe zimekatwa. Modi, funga uzi.

Mama Wawili
Usifunge. Mzigo umefika zamani, mke ndiye hajui.