Mlioota kuwa wanasayansi tangu ujana, njooni tupeane uzoefu

Mleta mada
Wadau, salaam. Mpwa wangu ana miaka 15 na ameng'ang'ania kuwa mwanaastronomia, yaani mtaalamu wa nyota na sayari. Kila mkubwa akimsikia humwambia "soma kwa bidii", mazungumzo yanaishia hapo. Mimi ni mtu wa uhasibu, sina la kumwongezea, na naumia nikiona hamu yake inakosa pa kushika. Mliowahi kuwa na ndoto kama hiyo, nini kiliwasaidia kweli? Nini kiliwakwamisha?

Mdau wa maabara
Nafanya kazi maabara ya hospitali. Yote yalianza mwalimu wa baiolojia alipobandua utando mwembamba wa kitunguu, akaudondoshea iodini, akatupanga foleni kwenye hadubini. Wenzangu walichungulia wakapita. Mimi niliona kuta za seli zimepangana kama matofali, kila seli na kiini chake kilichokolea rangi, nikagoma kutoka. Mwalimu hakunifukuza. Alinipa penseli, akasema nichore ninachokiona, si kilichoko kitabuni. Mpaka leo kazi yangu ni hiyo: natazama damu kwenye slaidi, naandika nilichokiona, hata kama daktari alitarajia kingine. Mpwa wako apate kitu cha kutazama na daftari la kuchorea. Hayo mahubiri ya bidii ameshayasikia.

Mdau wa satelaiti
Naunga mkono, tena kwa astronomia hana haja ya kusubiri chuo. Hata darubini ndogo ya macho mawili, ukiiegemeza mahali pasipotikisika, huonyesha miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupita): nukta za mwanga zilizojipanga karibu mstari mmoja. Galileo aliiona mwaka 1610, akawa anachora nafasi zake usiku baada ya usiku mpaka akatambua kwamba inaizunguka sayari ile. Mwezi mmojawapo, Io, humaliza mzunguko chini ya siku mbili, mwingine, Callisto, huchukua karibu siku 17. Binti akichora kwa wiki kadhaa atayaona mabadiliko hayo kwa macho yake.

Ila aambiwe mapema: mwanaastronomia wa leo yuko kwenye kompyuta kuliko kwenye darubini. Mimi nilianzia kwenye nyota, sasa nachambua data za satelaiti za hali ya hewa, na siku nzima ni programu na takwimu. Napenda kazi hii sana, lakini anayechukia kompyuta atateseka.

Mdau mwingine
Nizungumzie vikwazo. Mwalimu mmoja alinitamkia mbele ya darasa kwamba fizikia si somo la msichana. Aliyeniinua ni shangazi yangu. Yeye hakusoma sayansi, lakini jioni alikuwa ananikalisha nimweleze somo la siku hiyo, na asipoelewa harudi nyuma: "Hapo sijakupata, rudia." Nikimwelewesha yeye, mtihani haunisumbui. Leo ni mtafiti wa udongo. Mleta mada, hilo hata mhasibu analiweza.

Na mtoto asikatwe tamaa na ripoti moja. John Gurdon, akiwa shule mwaka 1949, mwalimu wake aliandika kwamba wazo lake la kuwa mwanasayansi ni la kuchekesha. Mwaka 2012 alipata Nobeli ya tiba. Sisemi alama hazina kazi, vyuo vinaziangalia. Nasema ripoti inapima muhula uliopita.

Mleta mada
Asanteni sana. Nimemsomea yote, kashachukua daftari. Anauliza: katika hisabati akazanie nini?

Mdau wa satelaiti
Aljebra na trigonometria kwanza, kalkulasi itakuja juu yake. Mwambie umbali wa nyota zilizo karibu hupimwa kwa pembe. Unapima mahali nyota ilipo, unasubiri miezi 6 Dunia ifike upande wa pili wa Jua, unapima tena. Nyota inaonekana imesogea kidogo mno kulinganisha na zile za mbali nyuma yake, na pembetatu inakupa umbali. Mwanaastronomia Mjerumani, Bessel, alifanya hivyo kwa nyota ya 61 Cygni, akatangaza jibu mwaka 1838. Ajaribu na kidole mbele ya uso, afumbe jicho moja kisha lingine, halafu aichore hiyo pembetatu na kuitafutia kanuni mwenyewe. Akikwama alete mchoro wake hapa tuutazame.