Mrejesho: upungufu wa damu uliotokana na ukosefu wa vitamini B12

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini vidonge vya madini ya chuma havikuwa vikiniongezea damu. Nilifuata ushauri wa kupima B12 kabla ya kumeza asidi ya foliki (vitamini B9), kwa kuwa asidi hiyo ikitumiwa peke yake yaweza kurekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika kwa kukosa B12, na majibu yakaonyesha kwamba tatizo ni B12, ambayo mwili wangu hauifyonzi vizuri; ndiyo maana ushauri wa kuongeza nyama na mayai haukunisaidia. Kwa sindano za haidroksokobalamini (aina ya vitamini B12) za mikrogramu 1,000 damu imepanda, na ulimi, uliokuwa mwekundu na laini kupita kiasi, hauwaki tena. Ganzi ya vidole vya miguu imepungua tu, haijaisha, hivyo nitaendelea kuchomwa kila baada ya miezi 2.