Tupeane uzoefu: uliyewahi kuandika fanfiki ya Krismasi (hadithi ya shabiki kwa kutumia wahusika wa wengine) ukaiweka mtandaoni, yalikukutaje?

Kalamu ya Umoja
Wakuu, jana nimebanwa ndani ya matatu pale Outering, jam haisongi, simu ikalia. Kumbe kuna mtu ameacha komenti kwenye hadithi ya Krismasi niliyoiandika 2016. Anasema ameisoma usiku akiwa wodini, akacheka hadi nesi akaja kumuuliza kama ni zile dawa. Nikapitiliza steji.

Hadithi yenyewe ni upuuzi tu. Sungura na Fisi wanagombania kiti cha mwisho cha basi la kwenda nyumbani tarehe 24, nauli imepanda mara mbili, na Fisi amebeba kuku hai chini ya koti anasema ni mtoto. Niliiandika nikijua nitasomwa na watu watatu, mmoja wao mimi.

Leteni zenu. Tamu na chungu.

Mwana wa Kayole
Hapo kwa nauli umenigusa.

Shangazi Sindano
Sungura na Fisi si fanfiki. Hizo ni ngano za bibi zetu. Fanfiki ni umchukue mhusika wa mtu umvalishe nguo zako.

Kalamu ya Umoja
@Shangazi Sindano shangazi, bibi yangu naye aliwachukua kwa bibi yake, akaongeza chumvi. Tofauti ni kwamba yeye hakuhitaji nenosiri.

Bundi wa Rongai
Mimi niliingia yale mabadilishano ya fanfiki ya Desemba, Yuletide, yaliyoanza 2003. Unapangiwa mtu usiyemjua, ameshasema anapenda wahusika gani, unamwandikia hadithi isiyopungua maneno 1,000, na wewe kuna mwingine anakuandikia. Zinafunguliwa tarehe 25, lakini majina ya waandishi yanafichwa hadi Januari 1. Hiyo wiki moja ndiyo utamu wenyewe. Unairudia zawadi yako mara tano ukijiuliza ni nani huyu aliyekujua hivi.

Mwaka uliofuata nikajiunga na kikundi kingine, kidogo tu. Mwisho wa kupokea umeandikwa 9:00, saa za Greenwich. Kichwa hiki cha Kiswahili kikaona 9 kikasoma saa tisa. Saa tisa alasiri, ongeza tatu za Nairobi, saa kumi na mbili jioni. Nikala, nikalala kidogo. Kumbe ni saa tatu asubuhi yao, yaani saa sita mchana kwetu. Naingia saa kumi nakuta mlango umefungwa, na mtu wangu wa Ufini ameshatafutiwa mwandishi mwingine. Nikamwekea yangu hivyo hivyo kama nyongeza, na msamaha juu. Akanijibu aya tatu. Anaitaja hata paka niliyemweka mstari mmoja tu.

Mwana wa Kayole
Saa tisa! Nimecheka hadi konda amenigeukia.

Mapera
Nimekuwa nikisoma kimyakimya tangu jana, lakini hii ya leo imenitoa.

Krismasi ya 2019. Nilikuwa nimeandika Sherlock Holmes yuko Nairobi. Mnaomjua mtakumbuka Doyle, aliyemtunga, ana hadithi ya Krismasi, ilitoka 1892, kito kilichoibwa kinapatikana ndani ya bata bukini. Sasa mimi bukini nitamtoa wapi? Nikaweka mbuzi. Mbuzi amemeza pete ya bibi harusi pale Kiamaiko, na Holmes na daktari wake Watson wanamfukuza usiku wa mkesha, boda kwa boda, hadi machinjioni Dagoretti. Na sura ya tatu, mnisamehe, Watson anamwambia Holmes maneno ambayo Doyle hakuwahi kumpa.

Tarehe 25 tuko kwa shosho, Murang'a. Watu kama ishirini sebuleni. Binamu ameleta runinga mpya, ile inayoshika simu bila waya. Akaniomba simu awaonyeshe watu picha za harusi ya dada yangu. Nikampa, nikaenda jikoni kusukuma chapati.

Baada ya muda nasikia kimya. Familia yetu haina kimya. Nikatoka na unga hadi viwikoni. Hadithi yangu iko kwenye kioo, herufi kubwa kama bango la Thika Road, na mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, anaisoma kwa sauti kwa sababu shosho hakuwa na miwani. Wako sura ya pili. Watu wanacheka! Shangazi anafuta machozi pale mbuzi anapopanda boda.

Nikaenda kuchukua simu. Shosho akanishika mkono: mwache mjomba wako amalize.

Sura ya tatu ikafika. Mjomba akaanza, akasita, akakohoa. Akatazama kioo kama mtu anayesoma notisi ya kufukuzwa nyumba. Kisha akasema, "Hapa wanaombeana," akaruka aya nzima. Shida ni kwamba maandishi yako pale pale juu, na binamu zangu wote wamesoma shule. Mathe akaniangalia mara moja tu, akarudi jikoni.

Mjomba akamaliza. Shosho akanyamaza. Mimi nimeshaanza kuhesabu nauli ya kurudi Nairobi jioni hiyo hiyo. Ndipo akasema: "Aliyeandika hii hajawahi kuchinja mbuzi."

Kisa, nimeandika pete ilipatikana kwenye utumbo mwembamba. Akanifundisha mbele ya wote kwamba mbuzi akimeza chuma hakifiki mbali, kinakaa kwenye lile tumbo dogo lenye vyumba kama masega ya nyuki. Usiku ule ule nikarekebisha. Habari ya Watson hakuna aliyeniuliza hadi leo.

Mwana wa Kayole
HAPA WANAOMBEANA

Kalamu ya Umoja
Nimefunga simu, nimefungua tena, bado nacheka. Mjomba apewe kiti cha heshima.

Ndovu Mpole
Mimi ni wa mifugo. Shosho yuko sahihi kabisa. Hata ng'ombe humezeshwa sumaku, inakaa humo humo ikikamata misumari na nyaya alizookota malishoni. Endelea kumsikiliza huyo mama.

Bundi wa Rongai
Na usione haya @Mapera. Wasomaji wa Doyle wamebishana miaka mingi kwamba bukini hana ule mfuko wa kooni ambamo kito kilipatikana. Wewe angalau ulikuwa na shosho.

Kungu Manga
Hii ya mbuzi ningeilipia hata shilingi 50. Mbona msiuze?

Bundi wa Rongai
Ukiiweka Archive of Our Own, ile tovuti ya fanfiki, usithubutu. Ni shirika lisilo la faida, hawataki biashara mle ndani, hata ile ya kuomba chai.

Shangazi Sindano
Si nilisema? Mali ya watu. Mwizi hawezi kuuza.

Bundi wa Rongai
Mwizi tena? Mwizi ambaye tovuti yake ilipewa Hugo 2019, ile tuzo ya hadithi za kisayansi na njozi? Halafu shangazi, Doyle alifariki 1930. Sheria ya Kenya inalinda kazi ya mwandishi miaka 50 baada ya kifo. Piga hesabu. Holmes wa Mapera hana deni na mtu. Ile tamthilia ya Kikorea anayoiandikia Mwana wa Kayole ndiyo asiuze.

Mwana wa Kayole
Wewe umejuaje ni mimi?

Bundi wa Rongai
Hakuna mwingine anayeweza kumpeleka bilionea wa Seoul kununua mutura usiku wa Krismasi.

Mwana wa Kayole
Na aliipenda. Akaongeza kachumbari.

Kungu Manga
Swali la mgeni: niweke theluji au nisiweke? Nataka kuanza Desemba hii.

Shangazi Sindano
Usiweke. Desemba Nairobi ni jua la utosi na vumbi. Andika unachokijua.

Ndovu Mpole
Weka. 2008 pale Busara, Nyahururu, mvua ya mawe ilifunika kilima kizima kikawa cheupe, watu wakaenda kuishika kwa mikono.

Kalamu ya Umoja
Weka kidogo, kwenye friji. Na tafuta mtu akusomee kabla hujaiachilia. Mimi hutumia dada yangu, akinyamaza sana najua nimeharibu.

Mapera
Usimpe dada. Usimpe mtu yeyote wa ukoo.

Shangazi Sindano
Sawa, nimeshindwa. Nimewahi kuandika moja. Abunuwasi anaalikwa Krismasi na jirani, anadai zawadi ya kivuli cha mti. Nilipata kudosi nne, zile alama za msomaji aliyependa.

Kalamu ya Umoja
Shangazi! Zikawe tano leo. Lete kiungo. Na @Mapera pia, sote tunangoja mbuzi.

Mapera
Siweki. Nimeona jina fulani humu, kama si la mjomba basi ni pacha wake.

Mwana wa Kayole
Basi tuombeane.