Kumpeleka mama Edinburgh kwenye mahafali ya mdogo wetu: tujipange vipi?

Binti wa Muheza ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Mdogo wetu wa mwisho anamaliza shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, na mahafali yake yatakuwa mwishoni mwa Novemba. Baba yetu alifariki kijana huyu akiwa bado sekondari, na tangu hapo mama ndiye aliyemsomesha kwa mapato ya shamba la michungwa, sisi wakubwa tukiongezea kile tulichojaliwa. Kwa sababu hiyo suala la mama halina mjadala nyumbani kwetu. Akijaliwa uzima, atakwenda kumwona mwanawe akivaa joho.

Mjadala upo kwa waliobaki. Mdogo wangu ameambiwa kwamba kila mhitimu hupata tiketi mbili za wageni. Mimi ni mwalimu, nina ajira ya serikali, na nilikuwa nimekusudia kumsindikiza mama, lakini shangazi yetu, ambaye alimlea kijana huyu kwa miaka kadhaa na hana kazi ya mshahara, naye ana shauku kubwa ya kwenda. Sitaki aumie moyo, na sitaki pia tuharibu maombi ya mama kwa kujazana.

Naomba ushauri katika mambo mawili hasa. Kwanza, mama hana hati ya mshahara wala biashara iliyosajiliwa, na fedha za machungwa nyingi hupita kwenye simu au mkononi. Tutaonyeshaje kwamba ana maisha yake hapa na atarudi? Pili, ukoo umekubali kuchanga nauli, na michango imeanza kuingia kwenye akaunti yangu kidogo kidogo. Je, jambo hilo litatuletea shida kwenye viza?

Mhasibu wa Ngamiani amejibu:

Dada, hongereni sana, na mfikishie mama pongezi zangu. Nimekwisha kuwaandalia ndugu na majirani kadhaa majalada ya namna hii, kwa hiyo nitajikita kwenye nyaraka.

Mnachoomba ni viza ya kawaida ya mgeni ya Uingereza, ambayo humruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Maombi hufunguliwa mtandaoni, kila mtu na fomu yake na ada yake, kisha mnakwenda kituo cha maombi ya viza Dar es Salaam kutoa alama za vidole na picha. Mwezi Aprili 2025 ada ilipanda kufikia pauni 127, nayo hairudishwi ukikataliwa, kwa hiyo hakikisheni kiwango kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza siku mtakayolipa. Hamruhusiwi kuomba mapema kuliko miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya alama za vidole. Kwa mahafali ya mwishoni mwa Novemba, ningependa muwe mmeshatoa alama za vidole katikati ya Septemba. Kama mama hana pasipoti, hiyo ndiyo ianze leo, kwa sababu Uhamiaji watataka namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, na wazee wetu wengi hugundua hapo kwamba majina yao hayalingani kati ya hati moja na nyingine.

Kuhusu mapato ya mama, msijaribu kumgeuza awe mtu asiyekuwa yeye. Mkulima anayo maisha yanayothibitika. Wekeni hati ya kimila ya shamba kama anayo, barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza ukubwa wa shamba na miaka aliyolima, stakabadhi za wanunuzi wa machungwa, na taarifa ya miamala ya simu ya miezi 6 iliyogongwa muhuri na kampuni husika. Kama ni mwanachama wa VICOBA au SACCOS, barua ya chama ina uzito. Nyaraka za Kiswahili lazima ziambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tarehe, jina, saini na mawasiliano ya mfasiri, pamoja na maneno yake ya kuthibitisha kwamba tafsiri ni sahihi. Nimeona jalada zuri likikwama kwa sababu barua ya kijiji iliwekwa ilivyo.

Michango si kosa. Kanuni hazitaji kiasi maalumu cha chini cha fedha, na zinaruhusu mtu mwingine kumgharimia msafiri. Afisa husumbuliwa na fedha ambayo haina maelezo. Akiona kwamba mshahara wako ni kiasi fulani, kisha ndani ya mwezi mmoja akaunti imepokea mara nne ya hapo, atajiuliza kama fedha hizo ni zako au umeazimwa ili zionekane tu. Kwa hiyo andika barua fupi inayosema wazi kwamba ukoo unachangia safari, orodhesha wachangiaji na kiasi cha kila mmoja, na ambatanisha muhtasari wa kikao cha familia chenye saini. Watu wetu huchangia harusi na misiba kila wiki. Utaratibu huo ukielezwa vizuri unaeleweka. Na msikubali kabisa mtu awatengenezee taarifa ya benki, kwa maana hati ya kughushi inaweza kumfungia mwombaji milango ya Uingereza kwa miaka 10.

Kwa upande wa shangazi, ushauri wangu ni kwamba asiombe safari hii. Uamuzi wa viza ya mgeni ukiwa wa kukataa, kwa kawaida hauna rufaa, na atalazimika kutaja kukataliwa huko katika kila ombi la baadaye.

Mkaazi wa Leith amejibu:

Assalaam alaikum dada, na pole kwa mzigo wa maandalizi. Ninaishi Edinburgh, na nimehudhuria mahafali ya chuo hicho kama mgeni.

Sherehe hufanyika McEwan Hall, ukumbi wa umbo la nusu duara uliofunguliwa mwaka 1897. Mhitimu akiitwa hupanda jukwaani, na kiongozi wa sherehe humgusa kichwani kwa kofia ya zamani, kisha anatambuliwa kuwa amehitimu. Jina la kijana wenu litasomwa mara moja tu na kupita upesi, kwa hiyo muwe mmeshajua mpangilio wa majina ili mama asiwe anatafuta miwani wakati huo. Wageni hutakiwa kuwa wameketi kabla maandamano ya wahadhiri hayajaingia, na kijana awaarifu chuo mapema kuhusu magoti ya mama ikiwa ngazi humsumbua, ili apewe kiti kinachofikika kwa urahisi.

Mwambieni mama kwamba Mwalimu Nyerere alisoma chuo hicho hicho kuanzia 1949 na kuhitimu mwaka 1952. Nimeona wazazi wa kutoka nyumbani wakipata utulivu wa ajabu wanapolijua jambo hilo, kana kwamba mji huu umekwisha kuwapokea.

Kwa sala asiwe na wasiwasi. Msikiti Mkuu wa Edinburgh upo mtaa wa Potterrow, hatua chache kutoka McEwan Hall, na chakula cha halali kinapatikana jirani. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwishoni mwa Novemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kwa karibu sana, na sherehe ya mchana inaweza kuangukia katikati yake.

Zipo ndege zinazotoka Dar es Salaam hadi Edinburgh kwa kuunganisha Doha, Istanbul au Dubai, na kwa mzee ningechagua njia hiyo badala ya kushuka London na kuongeza safari ya treni ya zaidi ya saa nne. Ombeni kiti cha magurudumu cha uwanjani angalau saa 48 kabla. Ni huduma isiyolipiwa, na viwanja vile vina mwendo mrefu hata kwa sisi wenye nguvu. Dawa zake za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari.

Mjukuu wa Pangani amejibu:

Namheshimu Mhasibu, lakini kuhusu shangazi sikubaliani naye moja kwa moja. Kila ombi hupimwa peke yake, na mtu asiye na mshahara si lazima akataliwe ikiwa ana nyumba, mume, na wajukuu anaowalea. Hata hivyo, tiketi ni mbili, na kumsafirisha mtu maelfu ya kilomita ili akae nje ya ukumbi kwenye baridi ni jambo zito. Chuo hurusha sherehe moja kwa moja mtandaoni, na Novemba sisi tuko mbele yao kwa saa 3. Ningeshauri nyumba ya shangazi ndiyo iwe mahali ambapo ukoo wote utakutana kutazama, apewe heshima ya mwenyeji, na mhitimu ampigie simu yeye wa kwanza akitoka ukumbini. Lakini mwambieni mapema, na aambiwe na mama mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu.

Binti wa Muheza ameandika:

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Mama amekwenda kwa shangazi jana, wakazungumza wawili peke yao, na shangazi amekubali kuwa mwenyeji kwa sharti kwamba joho livaliwe tena Muheza kijana atakaporudi. Hati ya kimila tunayo, na mfasiri tumempata. Limebaki swali moja ambalo mama ameniagiza niulize: anataka kumpelekea mwanawe machungwa ya shamba lililomsomesha, na nyama ya kukausha. Je, inaruhusiwa?

Mkaazi wa Leith amejibu:

Nyama hapana, na bidhaa za maziwa hapana pia. Kuhusu machungwa sina uhakika, kwa hiyo hakikisheni kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kufungasha, yasije yakachukuliwa uwanjani, jambo ambalo sitaki mama alione. Nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani ni kati ya matunda yanayoruhusiwa bila cheti cha afya ya mimea. Mwambie abebe nazi. Kijana aliyekaa mwaka mzima Uskoti atafurahi mno kula wali wa nazi uliopikwa na mama yake, na jiko la kupikia, kama mtafikia kwake, lipo.