Naivasha na watoto: njia ya juu au Mai Mahiu?

Swali: Wadau, tunatoka Nairobi Jumamosi kwenda Ziwa Naivasha, watu wazima wawili na watoto watatu, gari dogo la otomatiki. Tupite wapi, na ziwani tuchunge nini?

Dereva wa Bonde: Ni kama km 90. Kwa gari dogo lililojaa, piteni juu, Limuru na Kinungi. Mai Mahiu ina mandhari nzuri zaidi, ila mteremko ni mkali na malori hutambaa. Mkiishika, weka gia kwenye 2 au L kabla mteremko haujaanza. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, mafuta yake yanachemka na pedeli inalegea. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali salama zipoe, usizimwagie maji. Upepo wa tairi upimwe asubuhi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa mlangoni kwa dereva.

Mama Ziwa: Boti ni asubuhi. Alasiri upepo huvuma na mawimbi hupanda. Kabla ya kulipa, mfungie kila mtoto jaketi okozi kisha livute juu kwa mabega: likifika masikioni ni kubwa mno, dai jingine. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, kwa hiyo hema likae ndani ya ua wa umeme na watoto wasikaribie ufuko kuanzia magharibi. Masweta pia, jamani; ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya bahari.

Dereva wa Bonde: Jumapili ondokeni kabla ya saa sita mchana. Jioni foleni ya kurudi Nairobi ni ndefu mno kwa watoto.